Kumbukumbu za Mita ya Nne

Kabla hata ya kukubali, Nyatichi alijua kwamba kazi ile ilikuwa ya Walter. Oliver, meneja wa kiwanda cha samaki na barafu kule Mbita, hakumficha. Alimpigia simu Jumatatu asubuhi, Nyatichi akiwa ameinamia mota ya pampu katika kibanda chake nyuma ya soko la Migori. Kiwanda kilikuwa na mita saba za kupima umeme, zilizofungwa kwenye paneli miaka mitatu nyuma, na hakuna hata moja iliyowahi kuunganishwa na kompyuta. Wenye kiwanda, ambao walikaa Kisumu, sasa walitaka waone kila mashine inakula umeme kiasi gani bila kunyanyuka vitini mwao.

"Na fundi wenu? Si mna Walter?" Nyatichi aliuliza.

"Walter tulimwachisha kazi mwezi wa tatu, hukusikia? Alizima kompresa ya chumba cha baridi Jumamosi, akaenda nyumbani bila kuiwasha. Jumatatu tukazika tani nne za mbuta."

Alikuwa amesikia. Mafundi wa umeme kutoka Isebania hadi Mbita wanajuana wote, na habari mbaya ya mmoja wao haikawii kufika kwa wengine.

Walter ndiye aliyemfundisha kazi. Miaka kumi na miwili iliyopita, Nyatichi akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha ufundi, alipelekwa pale kiwandani kujifunza kwa miezi mitatu. Walter alimwonyesha jinsi ya kufungua paneli yenye moto, umeme ukiwa haujazimwa, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umefichwa nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Alimfundisha kusikiliza mota kabla ya kuipima. Lakini Walter huyo huyo ndiye aliyeandika kwenye ripoti yake ya mwisho: "Ni mwepesi wa kushika mambo. Bado anahitaji mtu wa kumsimamia." Kampuni mbili ziliisoma sentensi ile ya pili zikamwambia arudi nyumbani angoje simu. Hakuwahi kumuuliza Walter kwa nini aliiandika. Aliibeba tu rohoni, akafungua kibanda chake mwenyewe, akajisimamia.

"Nitakuja Alhamisi," alimwambia Oliver.

Alhamisi saa tatu asubuhi alikuwa mbele ya paneli kuu, mkoba wa vifaa miguuni na harufu ya samaki kila mahali. Alifungua mfereji wa plastiki unaopita chini ya zile mita, akitarajia kuanza kuvuta waya upya. Akakuta waya upo tayari. Ulikuwa waya wa jozi moja, uliosokotwa vizuri na kufunikwa kwa karatasi ya fedha, umepita kutoka mita ya kwanza hadi ya pili, ya pili hadi ya tatu, mpaka ya saba. Kila ncha ilikuwa imezungushwa utepe mweupe wenye namba kwa mwandiko alioutambua mara moja. Zile saba za Walter zilikuwa na kistari katikati.

Alisimama akaziangalia kwa muda. Mzee alikuwa ametandika kila kitu akangoja kompyuta, na kompyuta ilikuja yeye akiwa ameshaondolewa.

Kazi yenyewe si ya nguvu, ni ya subira. Mita zote hushiriki jozi moja ya waya kama watu wanaopokezana simu moja. Kompyuta huita kwa namba, na mwenye namba hiyo peke yake ndiye hujibu. Wote sharti waongee kwa kasi moja, na kila mmoja awe na namba yake. Ikitokea wawili wana namba moja, hujibu kwa pamoja, na kinachofika kwenye kompyuta ni vurugu isiyosomeka. Nyatichi aliunganisha adapta kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaita namba moja. Kimya. Akaita namba mbili. Kimya. Akageuza zile nyaya mbili kwenye adapta, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani upi uitwe A na upi B, akaita tena. Mita ya kwanza ikajibu. Ya pili ikajibu. Ya tatu ikarusha takataka.

Ilimchukua mpaka saa nane kugundua kwamba ya tatu na ya nne zilitoka kiwandani zikiwa na namba moja, na hakuna aliyewahi kuibadilisha. Aliichomoa ya tatu, akaipa ya nne namba yake yenyewe, akairudisha ile ya tatu. Akafunga rizista ndogo mwisho wa waya ili ishara zisirudi nyuma kama mwangwi. Kufikia saa kumi jioni mita zote saba zilikuwa zinajibu, moja baada ya nyingine, bila kukosa. Alihisi ile furaha ambayo humjia fundi akiwa peke yake, ambayo hata akimsimulia mtu mwingine haimwingii.

Ijumaa asubuhi alirudi kurekebisha saa za zile mita, maana nyingine zilikuwa zimechelewa kwa dakika kadhaa. Ndipo alipofungua kumbukumbu. Kila mita ya aina ile huandika yenyewe matukio makubwa: umeme kupanda, umeme kushuka, fezi kupotea, yaani mmoja wa nyaya tatu za umeme kukatika, na saa ya kila tukio. Mita ya nne, inayopima chumba cha baridi peke yake, ilikuwa na mistari kumi na tisa. Mingi ilikuwa ya kawaida. Mstari wa kumi na saba ulimfanya aache kutafuna mkate wake.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Fezi ya kwanza, volti mia mbili thelathini na nane. Fezi ya pili, sifuri. Fezi ya tatu, mia mbili thelathini na tisa. Mstari wa kumi na nane ulisema fezi ya pili ilirudi Jumatatu, saa moja na dakika hamsini asubuhi.

Akaita mita ya kwanza, ile ya mlangoni pa umeme wote wa kiwanda. Jumamosi ile haikuwa na tukio lolote. Fezi zote tatu ziliingia kiwandani bila tatizo, na moja ilipotelea humo ndani, kabla ya kufika kwenye chumba cha baridi.

Kati ya mita ya kwanza na ya nne kulikuwa na kitu kimoja tu cha maana, nacho ni swichi ya mkono ya kuhamisha chumba cha baridi kwenda kwenye jenereta. Nyatichi alikwenda akafungua kifuniko chake. Mguu wa katikati, ule wa fezi ya pili, ulikuwa mweusi, plastiki yake imeyeyuka ikaganda kama nta, na mtu alikuwa ameuruka, akipitisha umeme kando kwa kipande cha waya kilichofungwa kwa haraka. Kazi mbaya. Haikuwa ya Walter.

Hapo alielewa yote bila kuelezwa. Kompresa ya fezi tatu ikinyimwa moja, kinga yake huisimamisha isiungue. King'ora cha kuonya kilikuwa kimefungwa kwenye fezi ya pili hiyo hiyo, kwa hiyo nacho kilikufa. Taa ziliendelea kuwaka. Na kwa kuwa kompresa hupumzika yenyewe baridi ikitosha, ukimya wake haumshtui mtu. Walter alifunga mlango saa tisa akaenda zake akidhani mashine inapumzika. Kama angeizima yeye kwa mkono, mita ingeonyesha fezi zote tatu zipo. Hazikuwepo. Kumbukumbu ilisema hivyo kwa tarakimu, na tarakimu hazina undugu na mtu.

Nyuma ya mlango wa paneli kulikuwa na mfuko wa plastiki ambamo Walter aliweka daftari la matengenezo tangu enzi zile za mafunzo. Mfuko ulikuwa mtupu.

Alibeba kompyuta ikiwa wazi mpaka ofisini kwa Oliver. Oliver alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole wa sauti, shati lake limepigwa pasi hata siku ya Ijumaa. Aliiangalia ile mistari kwa muda mrefu kuliko mtu asiyeielewa angeiangalia. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Kazi nzuri," alisema. "Mita zote zinaongea?"

"Zote saba. Lakini tazama hii ya nne, bwana meneja. Walter hakuzima kitu. Ni swichi iliungua."

"Mimi si fundi, madam. Hizo namba mnazielewa ninyi." Aliketi. "Ninachojua ni kwamba mfumo ni mpya. Wenye kiwanda watafungua skrini Jumatatu. Sitaki waanze kuona mambo ya zamani ambayo yatawachanganya. Mfumo mpya si unaanza na ukurasa safi?"

"Si lazima."

"Lakini inawezekana."

"Inawezekana."

Oliver alisogeza kalamu yake kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. "Unajua wana viwanda vingine viwili, kimoja Homa Bay, kingine Muhuru. Kule kote mita zinangoja mtu wa kuziunganisha. Jana jioni mkurugenzi aliniuliza, huyu mama ni wa kusimamiwa au anaweza kubeba kazi yote peke yake? Nikamwambia ngoja nione anavyomaliza hapa."

Hakusema zaidi ya hayo. Hakutaja kufuta, wala hakumtaja Walter. Baadaye Nyatichi aliyarudia mazungumzo yale kichwani mara mia, akitafuta neno moja ambalo angeweza kulishika na kusema hili hapa, hili ndilo aliloniamuru. Hakulipata. Oliver alikuwa amempa kitambaa tu, akamwachia mwenyewe aamue anataka kupangusa nini.

Alirudi kwenye paneli. Kufuta kumbukumbu za mita ya aina ile ni jambo dogo. Unaiita kwa namba yake, unaandika tarakimu moja katika rejista moja, basi. Programu ilimuuliza kama angependa kuhifadhi nakala kwanza. Alikaa na swali lile mbele yake mpaka skrini ikaanza kufifia kwa kukosa kuguswa. Alijua kwamba akiwa na nakala, siku moja itambidi aamue la kuifanyia. Bila nakala hakungekuwa na la kuamua. Na alipokuwa amekaa pale, kilichomjia akilini hakikuwa sura ya Walter bali mwandiko wake kwenye ripoti: bado anahitaji mtu wa kumsimamia.

Akabonyeza hapana. Akatuma tarakimu. Mita ya nne ikajibu kwa adabu kwamba imepokea.

Jumatano iliyofuata Walter alikuja Migori. Alimkuta Nyatichi kibandani akila githeri, akasimama nje juani mpaka alipokaribishwa, kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Shati lilimning'inia mabegani kama limeanikwa.

"Nyar Kisii," alimwita, jina alilompa tangu zamani, binti wa Kisii.

"Japuonj," Nyatichi alijibu, maana ndivyo alivyozoea kumwita, mwalimu, kwa Kijaluo. Akampa kiti. Akamwagizia chai kwa jirani.

"Nimesikia umeunganisha zile mita," Walter alisema. "Ulikuta waya wangu?"

"Niliukuta. Umepita vizuri sana."

"Niliulaza Jumapili tatu. Hakuna aliyeniambia niulaze." Alikunywa chai kidogo. "Sasa nisikilize. Nimepeleka mashtaka kwa afisa wa kazi, Homa Bay. Wao wanasema nilizima kompresa. Mimi nasema ile swichi ya jenereta ilikuwa inaungua na nilimwambia Oliver mara tatu. Niliandika kwenye daftari. Daftari halionekani. Lakini mita huandika. Ndiyo sababu nilipigania zinunuliwe zile zenye kumbukumbu, si zile rahisi. Wewe umezifungua. Uliona nini kwenye ya nne?"

Huo ndio wakati aliokuwa nao wa kusema kweli. Baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakuuona. Ulikuja mchana kweupe, akiwa ameshiba, hakuna aliyemtisha, mzee ameketi mbele yake na kikombe.

"Ilikuwa tupu, Japuonj."

Walter aliinua macho.

"Tupu kabisa?"

"Hakukuwa na kitu."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akitafuta sababu, na alipoipata alimpa Nyatichi kama zawadi. "Labda betri yake ya ndani ilikufa. Miaka mitatu. Betri hizo si nzuri." Akaweka kikombe chini. "Basi si kosa lako. Hata hivyo nitamwomba afisa aje aione mwenyewe. Nitaomba wewe ndiye uiunganishe. Wewe nakuamini."

Nyatichi alitaka kusema hapana. Akasema, "Sawa."

Afisa wa kazi alikuwa mwanamke anayeitwa Jedidah, mfupi, mwenye miwani ya kamba shingoni na tabia ya kuandika kila neno. Alikuja Mbita Jumanne asubuhi mwishoni mwa mwezi, na watu wanne wakasimama mbele ya paneli: yeye, Oliver, Walter na Nyatichi. Jambo la kwanza ambalo Nyatichi aliona ni swichi ya jenereta. Ilikuwa mpya, ya kijivu, bado ina kibandiko cha dukani. Walter naye aliiona. Aliigusa tu kwa kidole kama mtu anayegusa kaburi lililopakwa chokaa jana.

Nyatichi aliunganisha adapta akaita mita ya nne. Ikajibu. Akafungua orodha ya matukio. Ilikuwa na mistari miwili tu, yote ya wiki hiyo.

"Haina habari ya mwezi wa tatu," Jedidah alisema akiandika.

"Kama nilivyoeleza kwenye barua yetu," Oliver alisema.

Walter alikuwa amevaa miwani yake, akainama nyuma ya bega la Nyatichi. Alinuka sabuni ya kipande na samaki wa kukausha. "Nyathina," alisema kwa upole, mwanangu, "shuka mpaka chini kabisa. Kuna ukurasa wa hali ya kifaa. Una sehemu ya betri na sehemu ya lini kumbukumbu ilifutwa. Tuone kama betri ndiyo ilikufa."

Nyatichi hakuwa ameufikiria ukurasa ule. Alikuwa ameufungua mara kadhaa maishani, akausahau kama mtu anavyosahau maandishi madogo nyuma ya pakiti ya dawa. Vidole vyake vilisimama juu ya vitufe. Jedidah alimtazama. Akashuka mpaka chini.

Betri: nzuri. Kumbukumbu kufutwa mara ya mwisho: Ijumaa, tarehe tisa mwezi wa tano, saa tano na dakika nne asubuhi. Njia ya kufuta: kwa laini ya mawasiliano.

Kompresa iliwaka upande wa pili wa ukuta, ikanguruma.

Jedidah ndiye aliyeuliza. "Tarehe tisa nani alikuwa hapa?"

"Huyu fundi," Oliver alisema, na sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Mimi si mtaalamu, madam. Nilimwachia kila kitu. Kama alifuta kwa bahati mbaya akitengeneza, hilo ni lake."

Walter alikuwa bado ameinama. Alijinyoosha polepole, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. Hakumtazama Nyatichi. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote, kwamba hakumtazama.

"Sikufuta kwa bahati mbaya," Nyatichi alisema.

Akasema yote. Alisema mstari wa kumi na saba ulikuwa na nini, saa ngapi, fezi ipi. Alisema mita ya kwanza haikuonyesha tatizo. Alieleza ule mguu mweusi wa swichi iliyokuwa pale na kipande cha waya kilichouruka. Alisema alimpelekea meneja kompyuta, na meneja akafunga mlango akazungumza juu ya ukurasa safi. Jedidah aliandika, akageuza karatasi, akaandika.

"Una nakala?" aliuliza mwishowe.

"Sina."

"Picha? Hata ya simu?"

"Sina."

"Swichi ya zamani iko wapi?"

Oliver alisema vyuma chakavu huchukuliwa kila mwisho wa wiki, na kwamba swichi ilibadilishwa katika matengenezo ya kawaida. Kisha akasema, kwa masikitiko makubwa, kwamba hakupenda kulisema lakini ilibidi: kampuni ilikuwa imeamua kutompa fundi huyu kazi ya Homa Bay na Muhuru, na labda hilo lilimuudhi.

"Mliamua lini?" Nyatichi aliuliza.

"Wiki jana. Barua iko njiani."

Afisa alifunga daftari lake. Alizungumza na Nyatichi kando, karibu na mlango, bila ukali. "Nitaandika ulichosema, kila neno. Lakini uelewe ninachobaki nacho. Mtu aliyefuta ushahidi ananiambia ushahidi ulikuwa unasema nini. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Nyatichi alianza kukunja waya wa adapta.

Maamuzi yalikuja baada ya wiki tano. Kampuni ilikubali kubadilisha barua ya kumwachisha Walter kazi, isitaje tena uzembe, iseme tu kwamba walitengana. Ilimpa cheti cha miaka aliyotumikia. Kwa jina lake kusafishwa mbele ya watu, kwa kurudi kwenye kazi yake, hakukuwa na uthibitisho wa kutosha. Walter alitia sahihi. Waliokuwepo walisema hakusoma hata ukurasa wa pili.

Jumapili moja mchana Nyatichi alikwenda kumwona Walter nyumbani kwake, katika kisiwa cha Rusinga. Alimkuta nyuma ya nyumba akipanda mihogo kwenye kishamba chenye mawe, suruali imekunjwa magotini. Mke wa Walter alimletea kiti na maji ya kunywa, akaingia ndani bila kumsalimia kwa jina. Walter aliendelea kuchimba mpaka alipomaliza mstari.

"Nimekuja kuomba msamaha," Nyatichi alisema.

"Umeomba siku ile kwenye paneli. Nilisikia."

"Siku ile niliongea na afisa. Leo naongea na wewe."

Walter aliegemea jembe. "Wanangu watatu walisoma kwa kazi ile. Mtaani hapa nikipita wananiita yule wa samaki waliooza. Watoto wadogo. Hawajui maana yake, wameokota tu kwa wakubwa." Alisema bila hasira, kama anayesoma mita. "Oliver simlaumu sana. Oliver alikuwa anajiokoa. Mtu akizama hushika chochote. Wewe ulikuwa unazama wapi?"

Nyatichi alijaribu kumwambia habari za ile ripoti, zile kampuni mbili, miaka aliyoibeba ile sentensi. Ilipomtoka mdomoni aliisikia ilivyokuwa ndogo.

Walter alifikiri. "Mimi niliandika hivyo?" alisema. "Sikumbuki." Kisha, baada ya muda, "Nilikuwa nawaandikia hivyo wote. Ili wanaowachukua wasiwaache peke yao na umeme kabla ya wakati. Niliwahi kumzika mwanafunzi."

Akainama akaendelea na mstari mwingine. Nyatichi aliinuka.

"Usije tena, nyar Kisii," Walter alisema akiwa bado ameinama. "Sikufukuzi. Ila kila nikikuona nitaanza kuhesabu upya, na mimi nimechoka."

Alivuka daraja kwa miguu mpaka Mbita. Akapita nje ya geti la kiwanda akielekea stendi. Bawabu alimpungia mkono. Kule ndani, kwa waya uliolazwa na Walter na namba alizozipanga Nyatichi, mita zote saba zilikuwa zinaitwa kila sekunde tano na zinajibu, na watu wa Kisumu walikuwa wanazisoma. Alisikia baadaye kwamba kampuni nyingine ya mafundi, ya Kisumu, iliyopewa kazi ya viwanda vile viwili ilinakili mpangilio wake bila kubadilisha chochote.

Kazi hakukosa. Kuna mashine za sukari guru karibu na Awendo, kuna pampu za maji, kuna vinu vya mahindi. Siku hizi, popote anapofungua mita, jambo la kwanza analofanya ni kunakili kumbukumbu zote, tangu mstari wa kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine. Huziandika tarehe, huziweka kwenye diski ndogo katika droo ya kibandani. Wateja wengine humuuliza ni za nini, naye huwaambia ni utaratibu wake. Droo inakaribia kujaa. Mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kuja kuziomba.